Mashini ya Kufulia Ikikataa Kuwaka

Leo katika nyumba nyingine za Goma, Bukavu na Lubumbashi iko mashini inayofua nguo na kuzikausha. Ni msaada mkubwa kwa mama mwenye watoto wengi. Lakini siku moja unabonyeza kifungo, nayo inanyamaza. Hakuna taa, hakuna sauti. Utafanya nini? Usikimbilie bisibisi. Umeme hauonekani, wala hauna harufu, nao huua. Fuata mafundisho haya kwa utaratibu.

1. Je, umeme upo?
Washa taa ya nyumba. Ikiwaka hafifu na nyekundu, umeme ni dhaifu. Mashini nyingi za kwetu hutaka volti 220 hivi. Zikipungua sana, mashini yaweza kukataa kuwaka. Ichomoe, ungoje. Fanya hivyo pia kila mara umeme unapokatika, kwa maana unaporudi huweza kuja kwa nguvu nyingi na kuunguza kile kibao kilicho akili ya mashini.

2. Je, prizi ni nzima?
Chomeka redio katika prizi ileile. Redio ikinyamaza pia, ugonjwa hauko katika mashini. Tazama na waya. Mashini inapokausha huweza kula wati 2000 na zaidi. Waya mwembamba wa kurefushia hupata moto na kuyeyuka. Ukiona prizi imekuwa nyeusi, au ukinusa harufu ya kuungua, usiitumie tena. Mashini na iwe na prizi yake yenyewe, yenye waya unaoshuka ardhini.

3. Je, swichi kubwa imejikata?
Chomoa mashini kwanza. Vaa viatu, kausha mikono, kisha urudishe swichi mara moja tu. Chomeka mashini. Swichi ikijikata tena, acha! Inakuambia kwamba ndani kuna hatari. Labda umeme unavuja. Hatuponyi homa kwa kuvunja kipimo cha joto. Vilevile mtu anayeweka msumari au waya wa shaba mahali pa fizibu iliyoungua hakutengeneza kitu. Amemfukuza mlinzi wa nyumba yake.

4. Je, mashini yenyewe inasemaje?
Kama taa yake inawaka lakini haianzi kazi, funga mlango mpaka usikie mlio wake, fungua bomba la maji, na utazame kama kizuio cha watoto kimewashwa. Kama ni mashini mpya kwako, soma kibati chake. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutaka volti 120. Ukizitia katika volti 220 zitaungua.

Ikiwa umefanya haya yote nayo ingali kimya, mwite fundi wa umeme. Usiifungue wewe mwenyewe. Hata baada ya kuchomolewa, vipande vingine vya ndani huweza kuweka umeme kwa muda.

Mtu akinaswa na umeme
Usimguse kwa mikono! Kata umeme kwenye swichi kubwa. Ikiwa haiwezekani, na huu ni umeme wa nyumbani, simama juu ya ubao mkavu na umsukume atoke kwa mti mkavu. Ikiwa hapumui, mlaze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, kisha umpulizie pumzi 2 mdomoni. Endelea hivyo bila kuchoka, na mwingine aite msaada. Hata akiamka na kusema, “Mimi mzima,” mpeleke hospitali, kwa kuwa umeme huweza kuudhuru moyo.

Na nguo zilizolowa?
Hapa wengi hukosa. Mama mmoja, mashini yake ilipokufa, alitandaza vitambaa vya mtoto majanini, chini ya kivuli. Baada ya siku chache mtoto alilia usiku kucha. Mgongo ulikuwa na majipu, na kila jipu lilikuwa na tundu dogo. Ndani mlikuwa na funza. Yuko nzi wa rangi ya manjano na kahawia anayetaga mayai katika mchanga na katika nguo zisizokauka vizuri. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza hupenya ngozi ya mtu bila yeye kujua.

Kwa hiyo fua kwa mikono, kwa maji safi na sabuni. Anika juu ya kamba, katika jua, wala si majanini au mchangani. Kisha piga pasi yenye moto, pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Pasi ya makaa yatosha. Vitambaa vya mtoto, vikwembe na mashuka, vyote vipitie pasi.

Mashini iliyokufa yaweza kutengenezwa, hata kununuliwa nyingine. Lakini uhai wa mtu Mungu ametukabidhi tuutunze.

Maswali
1. Kwa nini tusirudishe swichi mara kwa mara?
2. Tufanye nini kabla ya kumgusa mtu aliyenaswa na umeme?
3. Pasi inatulinda na nini?