Tusimdanganye mtoto njiani kwenda hospitali

Ilikuwa jioni ya Ramadhani, nyumbani kwetu Mbagala, adhana ya Magharibi ikikaribia. Mkeka ulikuwa umetandikwa ukumbini, sinia limejaa tende, kaimati na sambusa, na kando yake bakuli kubwa la uji wa pilipili manga lililotoka jikoni wakati huo huo. Mwanetu wa kiume, wa miaka mitatu na ushei, alipita mbio akimkimbiza dada yake, akajikwaa kwenye ukingo wa mkeka, na uji ukammwagikia mkono wa kulia na sehemu ya kifua. Adhana ilisomwa hali hakuna aliyekumbuka tende.

Hatuisimulii habari hii kwa kuwa ni ya ajabu. Wazazi wengi wa Temeke, Kinondoni na kwingineko jijini wanayo inayofanana nayo: mwingine ni chai, mwingine jiko la mkaa, mwingine mtoto kuanguka ngazini. Tunaisimulia kwa sababu usiku ule tulikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa juu ya ngozi ya mtoto, la pili lilikuwa masikioni mwake. Na hili la pili ndilo lililochelewa kupona.

Kosa la kwanza ni hili. Kabla hatujatafuta maji, jirani mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine akashauri ute wa yai. Walikuwa na nia njema, nasi tulikuwa tumechanganyikiwa, kwa hiyo tukampaka mtoto dawa ya meno. Tulipofika hospitali, muuguzi alilazimika kuiondoa yote ili aone ukubwa wa jeraha, na mtoto akaumia upya kwa sababu yetu. Tulifundishwa pale pale jambo ambalo kila nyumba ingepaswa kulijua: mtoto akiungua, avuliwe nguo iliyolowa maji ya moto, isipokuwa ile iliyoganda kwenye ngozi, avuliwe na bangili, kisha sehemu iliyoungua imwagiliwe maji ya bomba yasiyo ya moto kwa muda wa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipate baridi. Asiwekwe barafu, wala yai, wala unga, wala asali, wala mafuta. Baada ya hapo jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na safari ianze. Jeraha la usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, na kila jeraha linalozidi kiganja cha mtoto mwenyewe, halingoji asubuhi.

Wanazuoni wa hadithi, miongoni mwao Abu Dawud na Nasai, wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana ya madhara yule anayetibu watu bila ya kujulikana kuwa na elimu ya tiba. Tuliisoma hadithi hiyo chuoni tukidhani inawahusu waganga peke yao. Usiku ule ilituhusu sisi na kile kijibomba cha dawa ya meno.

Kosa la pili lilianzia ndani ya bajaji. Mtoto alikuwa akilia na kuuliza, "Tunakwenda wapi?" Tukamjibu, "Tunakwenda kununua juisi." Akauliza, "Nitachomwa sindano?" Tukamwambia, "Hapana, hakuna sindano." Tulijua fika kwamba tunakwenda hospitali, na kwamba huenda sindano ikawepo. Alichomwa sindano ya maumivu, kisha akasafishwa jeraha. Katikati ya kilio chake alitugeukia akasema, "Baba, umesema hakuna." Hatukuwa na jibu.

Tuliambiwa turudi baada ya siku mbili kusafisha kidonda na kubadilisha bandeji. Siku hiyo mtoto alitambua njia. Bajaji ilipokunja kona ya kuelekea hospitali alishika chuma cha kiti asikubali kuachia. Tukamwambia kwamba safari hii hatafanywa kitu. Hakusadiki, na alikuwa na haki ya kutosadiki. Ilihitajika watu wazima wanne kumshika, na kazi ya dakika chache ikachukua karibu nusu saa. Ilipokwisha, muuguzi mmoja mtu mzima alituvuta pembeni akatuambia kwa upole, "Baba, mwanao haogopi bandeji. Anaogopa kwa sababu hajui litakalomfika, na wale wa kumwambia ameacha kuwaamini."

Maneno hayo yaliturudisha kwenye kisa kilichopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.). Alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama huyo alikusudia kumpa mtoto nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Tuizingatie hali hiyo: mtoto mdogo, na ahadi ya tende tu. Tukipima kwa mizani hiyo, ile juisi yetu ya ndani ya bajaji ilikuwa nini?

Basi safari ya tatu tuliiandaa kwa namna nyingine. Asubuhi ile, si siku nyingi kabla, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajui kungoja, mama yake alimpakata akamwambia: "Leo tunakwenda hospitali. Sista atafungua bandeji, atasafisha kidonda kwa maji, atafunga bandeji mpya. Itauma kidogo, kisha itakwisha. Mimi nitakuwa nimekupakata mpaka mwisho." Akamwonyesha kwa kumfunga mwanasesere wa dada yake kitambaa mkononi. Kwa ushauri wa muuguzi, tulimpa dawa ya maji ya paracetamol, kwa kipimo cha uzito wake, kama nusu saa kabla ya kusafishwa. Pale hospitali tuliomba asilazwe chali na kukandamizwa, bali akae mapajani mwa mama yake. Bandeji ikaloweshwa kwanza ili isivutwe kavu. Akaulizwa angependa kusoma Alhamdu au kuhesabu mpaka kumi, akachagua kuhesabu.

Tusimdanganye na msomaji pia: alilia. Alilia kuanzia tatu mpaka kumi, kisha akaanza upya. Lakini mkono aliutoa mwenyewe, na hakuna aliyemshika kwa nguvu. Tulipotoka akauliza ni lini tena. Tukamtajia siku, naye akanyamaza akiifikiria, kama mtu aliyepewa habari anayoweza kuitegemea.

Tangu hapo tumekuwa tukisikiliza namna tunavyozungumza na watoto wetu mitaani na hata barazani pa msikiti. "Ukiendelea kulia nitamwita daktari akuchome sindano." Nani kati yetu hajayasikia maneno haya, au hajayasema? Tunamfanya daktari kuwa zimwi la kunyamazishia watoto, kisha siku mtoto ana homa ya nyuzi 39 tunashangaa kwa nini hataki kufungua kinywa achunguzwe. Vivyo hivyo katika tohara. Ni wangapi waliovishwa kanzu mpya, wakaambiwa wanapelekwa kutembea kwa shangazi, na wakajikuta mbele ya ngariba? Sunna hii tukufu haina haja ya kusaidiwa na uongo. Mtoto mwenye akili ya kuuliza ana akili ya kujibiwa.

Liko pia neno la kuwaambia wavulana: "Mwanamume halii." Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, na hakuna mwanamume aliyekuwa na subira kumshinda. Subira ya mtoto wa miaka mitatu ni kutulia mkono wake usafishwe, machozi hayaivunji. Tumwache alie, tumsifu kwa kuutuliza mkono.

Wapo wazazi wanaochelewa kumpeleka mtoto kwa kuona kwamba kisomo kinatosha. Kisomo ni kheri, nasi tulimsomea mwanetu Alfatiha kila usiku. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, aliwaamrisha watafute, akaeleza kwamba kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa uzee. Wapo pia wanaochelewa kwa kuhofia gharama. Wakumbuke kuwa sera ya afya ya nchi yetu inaelekeza watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali, kuanzia zahanati ya mtaa hadi hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke, Mwananyamala na Amana. Anayekwenda asiache nyumbani kadi ya kliniki ya mtoto: humo ndimo daktari anapoona uzito wake na chanjo alizopata, ikiwamo ya pepopunda, ambayo ni muhimu kwa mwenye jeraha.

Watu husema ajali haina kinga. Kwa kadari ya Mwenyezi Mungu hakuna wa kupinga, lakini yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kisha ategemee. Bakuli la uji wa moto juu ya mkeka, katika nyumba yenye watoto, ni ngamia asiyefungwa. Baada ya kisa hiki, kamati ya msikiti wetu ilikubaliana kwamba uji na chai ya futari viwekwe juu ya meza, si chini, na chupa za chai zisimamiwe na mtu mzima mmoja kila jioni. Jambo halikuhitaji mchango wala harambee. Nyumbani kwetu nako bakuli la uji limehamia mezani, na mkeka umebaki kwa tende.

Mkono wa mwanetu umepona, umebaki alama ndogo juu ya kiganja. Mwezi uliopita alikuwa na zamu ya kung'olewa jino lililooza. Usiku wake alituuliza swali lile lile la ndani ya bajaji: "Nitachomwa sindano?" Tukamjibu, "Ndiyo, moja, kwenye ufizi. Itauma kisha kinywa kitakufa ganzi." Akafikiri kidogo, akauliza, "Utakuwepo?" Tukamwambia tutakuwepo. Akageukia ukutani akalala.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awaponye walio wagonjwa, na atujaalie tuwe wazazi ambao neno letu linaaminika na walio wadogo kabisa nyumbani. Amin.