Tusiipigie Makofi Mizani

(Mazungumzo ya redio ya asubuhi. Soma: Nehemia 8:9–12 na 1 Wakorintho 6:19–20)

Tunawasalimu kutoka Kisian, mahali njia inapogawanyika, moja ikipanda kwenda Maseno na Busia, na nyingine ikielekea Bondo. Leo tutasema juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa mimbarani, nalo ni unene wa mwili unaopita kiasi. Huenda mmoja wenu akauliza, "Pasta, hayo si ya daktari?" Naam, ni ya daktari. Lakini sikilizeni kwanza jinsi yalivyoingia kanisani kwetu.

Jumapili moja baada ya ibada, wahudumu wa afya waliweka mizani chini ya mti nje ya kanisa, nasi tukapanga mstari. Kijana mmoja alikuwa akisoma kilo kwa sauti. Alipanda mama mmoja, kijana akatangaza, "Kilo 92!" Watu wakapiga makofi na vigelegele: "Mungu amekubariki, mama!" Nyuma yake alipanda mama mwingine, mwembamba. "Kilo 54." Pakawa kimya. Yule mama akashuka upesi, akajifunga leso yake, akaenda zake bila kungoja kupimwa presha. Kisha tukapanda sisi tunaosema nanyi. Kilo 98! Makofi yakazidi, na mzee mmoja wa kanisa akasema, "Sasa tumejua kwamba Pasta analishwa vizuri."

Tulicheka pamoja nao. Muuguzi hakucheka. Alitupima presha mara ya kwanza, akapima mara ya pili, kisha akatuita kando. Presha ilikuwa juu sana, na sukari katika damu ilikuwa imeanza kupanda. Yule mama wa kilo 92 naye aliambiwa vivyo hivyo. Na yule mwembamba? Wiki iliyofuata tulimsihi akapimwe, akakutwa mzima kabisa. Basi ndugu, siku ile tuliwapigia makofi wagonjwa, tukamnyamazia mzima. Jambo hilo limetusumbua moyoni hadi leo.

Kwa nini tulipiga makofi? Kuna sababu, na hatupaswi kuzidharau. Wazee wetu walijua njaa. Mtu aliyenona alikuwa mtu ambaye ghala lake lilikuwa na nafaka na ng'ombe wake walikuwa na maziwa. Tena sisi wa pande hizi za ziwa tunayo sababu nyingine yenye machozi. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulipoingia UKIMWI, Nyanza iliumia kuliko sehemu nyingine za Kenya. Majirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Hapa kwetu wengi walisema ni chira, ile laana ambayo watu waliamini humkondesha mtu aliyevunja mila. Tulizika vijana, tukazika walimu, tukazika akina mama waliokuwa wakiimba kwaya. Kila mmoja alikonda kwanza. Ndipo jicho letu likajifunza kuogopa wembamba. Katika miaka ya 2000 dawa zilianza kutolewa katika hospitali za serikali, watu wakarudiwa na miili yao, tukamshukuru Mungu. Lakini jicho letu halikupona. Hata leo, akikonda mtu tunanong'ona, akinenepa tunampongeza.

Na huku tukipongezana, nchi imebadilika. Uchunguzi wa afya uliofanywa na Serikali mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 25 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 walikuwa 33. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, uliohesabu wale wa miaka 20 hadi 49, wanawake walikuwa 45 katika kila 100, na wanaume 19. Uchunguzi huo huo ulikuta watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Maana yake, katika nyumba moja mama anaweza kuwa mnene kupita kiasi na mtoto wake amedumaa. Basi unene huu si dalili ya utajiri. Ni dalili kwamba chakula chetu na maisha yetu vimeharibika mahali fulani. Wala hatuko peke yetu: mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa na unene wa kupita kiasi.

Utajuaje kama uzito wako umezidi? Madaktari huchukua kilo zako, wakazigawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ikifika 25, uzito umezidi. Ikifika 30, huo ni unene wa kupita kiasi. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 30 akiwa na kilo 77. Sisi kwa kilo zetu 98 na urefu wa mita 1.70 tulikuwa karibu 34. Asiye na mizani na achukue kamba iliyo sawa na urefu wake toka utosini hadi kisigino, aikunje mara mbili, kisha aizungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana bila kukaza, vema. Zisipokutana, aende zahanati akapimwe. Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

Sasa, unene huu umetoka wapi? Wengi hujibu upesi, "Ni ulafi." Ulafi upo, na Maandiko yanaukemea. Lakini tukisema hivyo tu, tutamhukumu jirani tusimsaidie. Tutazame kwanza miguu, kisha sufuria, kisha kikombe.

Kwanza miguu. Misheni ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na wahubiri wa kwanza walikwenda kwa miguu. Mama wa Kisian alichota maji, akalima, akapeleka samaki sokoni kichwani. Siku hizi pikipiki inatungoja mlangoni. Kutoka nyumbani hadi barabarani ni pikipiki, hadi sokoni ni matatu, na dukani tunakaa juu ya kiti mpaka jioni. Hatulaumu pikipiki, imewahisha wagonjwa wengi hospitalini. Lakini chakula tunachokula bado ni cha mtu anayelima, na kazi tunayofanya ni ya mtu aliyekaa.

Pili sufuria. Zamani samaki alichemshwa, au alikaushwa juani, au alibanikwa kwa moshi. Ugali ulikuwa wa mtama, wimbi na muhogo, na mboga ilikuwa osuga, dek au apoth, mara nyingi imetiwa maziwa. Leo ugali ni wa mahindi yaliyokobolewa, na samaki huzamishwa katika mafuta. Hata mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa ng'ambo, ile tuiitayo mgongo wazi, hukaangwa kwanza ndipo iuzwe kwa maskini. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya wanga au sukari ina 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori karibu 120. Maskini ananunua mandazi na viazi vya kukaanga kwa sababu ni rahisi, vinashibisha, na vinapatikana kando ya njia. Huyo tusimwite mlafi.

Tatu kikombe. Sukari hutengenezwa papa hapa katika kaunti yetu, na sisi tumeizoea. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hivi. Tulipokuwa tukizuru Wakristo nyumba nne kwa siku, tulikunywa chai nne zenye vijiko vitatu kila moja, na soda mbili juu yake. Hesabuni wenyewe: vijiko 28. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri mtu mzima asipite vijiko kama 12 kwa siku, na kwamba 6 ni bora zaidi.

Yapo mengine. Wako walioupata unene kwa ukoo, wengine kwa dawa wanazotumia, wengine kwa kukosa usingizi au kwa huzuni. Madaktari wameona pia kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni mwa mama yake huwa na hatari zaidi ya kupata kisukari na unene akiwa mkubwa. Kwa hiyo ukimwona ndugu mnene, hujui alikotoka.

Lakini madhara yake hayachagui. Unene wa kupita kiasi huleta presha, kisukari, kiharusi, ugonjwa wa moyo, maumivu ya magoti, na aina kadhaa za saratani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Neno la Mungu lasemaje? Halituambii kwamba chakula ni kibaya. Katika Nehemia sura ya nane, siku ya furaha, watu waliambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu. Lakini waliambiwa pia wawapelekee sehemu wale wasiokuwa na kitu. Karamu ya Mungu ni ya kugawana. Tumkumbuke pia kuhani Eli. Bwana alimkemea kwa kuwa yeye na wanawe walijinenepesha kwa sadaka za watu, na mwisho wake, katika 1 Samueli 4, twasoma kwamba alianguka akavunjika shingo kwa kuwa alikuwa mzee na mzito. Tuliposoma maneno hayo baada ya siku ile ya mizani, hatukumfikiria mtu mwingine. Tulijiona wenyewe. Naye Mtume Paulo awakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu halipigiwi makofi kwa ukubwa wake. Hutunzwa kwa ajili yake Yeye akaaye ndani.

Basi tufanye nini? Tusitafute vidonge vya sokoni, wala tusijishindishe njaa. Saumu ni ya kumtafuta Mungu, si ya kupunguza kiuno, na mwenye kisukari amwone daktari kabla ya kufunga. Tuanze kwa machache yanayodumu. Mboga zijaze nusu ya sahani, ugali upungue, na urudi ule wa mtama na wimbi. Samaki achemshwe. Chai ipunguzwe sukari kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee. Tutembee kwa bidii dakika 30, siku tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, kama wataalamu wanavyoshauri. Mtu akipunguza kilo 5 tu katika kila 100, presha na sukari huanza kushuka.

Lakini mtu mmoja hawezi kubadilika ikiwa meza anayokaribishwa haibadiliki. Hapo ndipo kanisa linapohusika. Kwetu mgeni asiyekula amemwaibisha mwenyeji wake. Tulimwendea bibi mmoja mzee, tukamwambia, "Dani, Jumamosi tukija, tuandalie osuga na omena, na maji ya kunywa." Akashtuka. "Pasta, unataka kijiji kiseme nilikunyima kuku?" Tukamwambia, "Tutawaeleza kwamba ni sisi tulioomba." Alinyamaza, kisha akacheka: "Basi afadhali, yule kuku atataga." Tulikula vizuri kuliko siku nyingi. Tangu hapo mikutano ya akina mama imeanza kuandaa viazi vitamu vya kuchemsha, njugu na matunda, na maji yamewekwa mezani mbele ya soda. Soda haikukatazwa, ila hakuna anayelazimishwa. Na vijana wetu wapewe uwanja wa kuchezea, si kiti cha kukalia tu.

Tumalizie kwa jambo gumu. Miezi minane imepita, nasi tumepunguza kilo 7. Bado tunatumia dawa ya presha, lakini imeshuka. Na sasa mnong'ono umeanza: "Pasta anaugua. Mmemwona shingo?" Mzee mmoja alikuja usiku, akafunga mlango, akatuuliza kwa upole tunatibiwa hospitali gani. Alikuja kwa upendo, hatumlaumu. Lakini siku iliyofuata yule mama wa kilo 54 alitukuta njiani, akatutazama, akasema, "Pasta, sasa umeonja." Hakuongeza neno. Tulimwomba msamaha pale pale kando ya barabara, kwa kuwa siku ile ya mizani tulikuwa mchungaji wake, na tulinyamaza pamoja na wengine.

Ndugu wapendwa, juma hili mtu akikutana nawe, usimsalimu kwa mwili wake. Usimwambie, "Umenona," wala, "Umekonda." Muulize, "Habari ya nyumbani? Umzima?" Kisha ungoje jibu. Mnene apate nafasi ya kusema magoti yanauma, na mwembamba apate nafasi ya kusema yu mzima.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetupa ziwa na samaki wake, mashamba na mboga zake, tunakushukuru. Utusamehe tulipojilisha wenyewe tukamsahau asiye na kitu, na tulipomhukumu jirani kwa macho yetu. Utupe kiasi mezani, nguvu miguuni, na upole ulimini. Uwaponye walio wagonjwa kwa presha na kisukari, na uwabariki wanaowatunza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.