Alama za Asilimia Ndani ya Path

Kwenye kompyuta ya Windows iliyopangwa vizuri, mwanaprogramu anayehamia toleo jipya la Java hurekebisha mahali pamoja tu: kigeu cha mazingira cha JAVA_HOME, kinachotunza anwani ya folda ya Java. Path, ile orodha ya folda ambazo Windows huzipekua ikitafuta programu iliyoitwa kwa jina, haiguswi. Ndani yake mmeandikwa %JAVA_HOME%\bin, na Windows hujaza anwani kamili yenyewe. Microsoft nao hutumia njia hiyo hiyo: Path inayokuja na mfumo ina %SystemRoot%\system32, hivyo Windows ikisakinishwa kwenye diski ya D badala ya C, hakuna kinachoharibika.

Utaratibu huu mzuri huvunjika kimyakimya, na chanzo mara nyingi ni rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Humo Path inaweza kuhifadhiwa kwa aina ya REG_EXPAND_SZ, ambayo majina yaliyo kati ya alama za asilimia hufumbuliwa, au REG_SZ, ambayo husomwa ilivyo. Programu fulani ikiiandika upya kwa aina ya pili, Windows huanza kutafuta folda inayoitwa %JAVA_HOME% kwa herufi hizo hizo. Dalili yake ni rahisi kuiona: mtumiaji akiandika path kwenye dirisha jipya la amri na kukuta alama za asilimia zingalipo, hazikufumbuliwa.

Hatari zaidi ni amri hii ya kuongeza folda kwenye Path, inayonakiliwa ovyo:

setx /M PATH "%PATH%;C:\zana"

Kabla setx haijaanza kazi, dirisha la amri huwa limekwisha kufumbua kila kitu. Kinachohifadhiwa ni anwani kavu, tena Path ya mtumiaji, ambayo Windows huihifadhi kando, ikiwa imechanganywa na ya mfumo, na kinachozidi herufi 1,024 hukatwa. Folda zilizokuwa mkiani hupotea. Ni salama zaidi kutumia dirisha la mipangilio la vigeu vya mazingira, ambalo tangu Windows 10 huonyesha kila folda kwenye mstari wake.

Mpaka kati ya vigeu vya mfumo na vya mtumiaji nao una maana yake. Vigeu vya mfumo huandaliwa kwanza, vya mtumiaji hufuata; kwa hiyo Path ya mfumo haiwezi kutegemea JAVA_HOME iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja. Kinyume chake kinawezekana.

Na dirisha la amri lililokuwa wazi kabla ya mabadiliko huendelea na nakala yake ya zamani hadi lifungwe na kufunguliwa jingine.