Je, Wajua? Mitoo ya Kangemi ni mimea miwili

Fungu la mboga ya mitoo sokoni Kangemi au Kawangware laweza kuwa na mimea miwili tofauti: Crotalaria ochroleuca, isiyo chungu sana, na Crotalaria brevidens, chungu kwelikweli. Yote ni ya jamii ya kunde. Wengi hutazama ua ili kuitofautisha. Hilo halitoshi, kwa sababu yote miwili huchanua manjano yenye mishipa ya rangi nyekundu iliyokolea. Ushahidi mzito uko kwenye ganda la mbegu: la ochroleuca limevimba, upana wake sentimita 1.5 hadi 2. La brevidens ni jembamba, halifiki sentimita moja, na limepinda kidogo.

Mpishi atasema ulimi wake unatosha. Unatosha, lakini baada ya kulipa, tena maziwa sufuriani hupunguza uchungu. Atasema pia kwamba mboga huchumwa kabla haijazaa, na hapo ana haki. Basi atazame majani: ya brevidens yana kijani cha kuelekea buluu, ya ochroleuca kijani kinachong'aa. Dalili hiyo ni dhaifu, maana fungu likinyauka juani rangi hupotea. Anayetafuta mbegu za kupanda kwenye kishamba chake cha Dagoretti asikubali mche mchanga. Adai kuona ganda lililokomaa.