Kuchagua Mfumo wa Umeme wa Kusawazisha Trela la Makazi

Trela la makazi linalofungwa kwenye kiungo kilichomo ndani ya bodi ya pikapu, ambalo Wamarekani huliita "gurudumu la tano", ni nyumba kamili iliyowekwa juu ya magurudumu. Nyumba ya kawaida husawazishwa mara moja tu, msingi wake unapojengwa. Nyumba hii hulazimika kusawazishwa upya kila inapoegeshwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa jeki za mkono na vipande vya mbao. Siku hizi ipo mifumo ya umeme inayoifanya kwa kubonyeza kitufe. Bei ya mfumo pamoja na ufundi wa kuufunga mara nyingi hufikia maelfu ya dola, na mfumo usiofaa unaweza kuharibu chasisi, au hata kuhatarisha maisha. Katika makala haya tunaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

Kwa nini trela lisawazishwe

Sababu si starehe ya usingizi peke yake. Matrela mengi yana friji zinazofanya kazi kwa gesi au umeme kwa kutumia mchanganyiko wa amonia. Ndani ya friji za aina hiyo kimiminika hurudi chini kwa uzito wake wenyewe. Trela likiinama kupita kiasi, kimiminika hukwama, sehemu ya kuchemshia hupata joto kali mno, na mwishowe friji huharibika kabisa au hata kusababisha moto. Friji zenye kompresa huvumilia zaidi mwinamo.

Aidha, sehemu za kuta zinazosukumwa nje ili kupanua chumba huweza kukwama au kupinda trela lisipokaa sawa. Maji ya bafuni hayatiririki vizuri, na vipimo vya matangi hutoa taarifa za uongo.

Je, unauhitaji kweli?

Hili ndilo swali la kwanza, na muuzaji hana sababu ya kukuuliza. Ikiwa trela lako hukaa mahali pamoja kwa miezi mingi, jeki za mkono, mbao imara na pimamaji vinaweza kukutosha. Ikiwa unahama mara kwa mara, au mwenye kufanya kazi hiyo ni mzee au mtu mwenye maumivu ya mgongo, mfumo wa umeme una manufaa makubwa.

Tofautisha pia jeki za kusawazisha na jeki za kutuliza. Jeki za kutuliza huzuia trela kutikisika watu wanapotembea ndani, lakini hazikuundwa kuliinua. Matangazo mengine ya biashara huchanganya mambo haya mawili. Soma maelezo ya mtengenezaji, si maneno ya tangazo.

Umeme au haidroliki

Katika mfumo wa umeme, kila jeki ina mota yake, giya na skrubu ndefu inayousukuma mguu chini. Kihisi hupima mwinamo, na kisanduku cha kuongozea huamua jeki ipi isogee na kwa kiasi gani. Katika mfumo wa haidroliki, pampu moja husukuma mafuta kwenda kwenye jeki zote.

Mfumo wa umeme hauna mafuta ya kuvuja, na mota moja ikiharibika hubadilishwa peke yake. Hata hivyo, kwa kawaida huenda polepole zaidi. Mfumo wa haidroliki huinua mizigo mizito kwa wepesi, lakini pampu ikifa jeki zote husimama, na mipira ya mafuta huhitaji kukaguliwa. Wanunuzi wengine hudhani kwamba mfumo wa haidroliki hautegemei betri. Si kweli, kwa sababu pampu yake nayo huendeshwa na umeme.

Mifumo mingi ya matrela haya huwa na jeki nne au sita. Jeki sita hugawanya mzigo katika sehemu nyingi zaidi za chasisi, jambo linalofaa kwa trela refu na zito. Kwa trela fupi, jeki nne zilizopangwa vizuri zinaweza kutosha.

Uzito na urefu wa jeki

Anza na kibandiko cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye trela. Humo utaona uzito wa juu unaoruhusiwa trela likiwa limepakiwa. Tuchukue mfano wa trela la pauni 14,000, yaani takriban kilo 6,350. Kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela la aina hii hukaa mbele, kwenye pini ya kuungia. Tukichukua asilimia 20, jeki mbili za mbele zitabeba pauni 2,800 trela likishaachana na pikapu.

Usigawanye kwa mbili ukaridhika na jeki ya pauni 1,400. Ardhi isipokuwa sawa, jeki moja hubeba zaidi ya mwenzake. Maji nayo ni mzigo: galoni moja ya Marekani ina uzito wa takriban pauni 8.3, hivyo tangi la galoni 60 likijaa huongeza karibu pauni 500 mahali lilipo. Chagua jeki zenye uwezo unaozidi hesabu yako kwa kiasi cha kutosha, na umtake muuzaji akuandikie uwezo wa kila jeki, si jumla ya jeki zote.

Urefu wa mguu ni jambo linalosahauliwa. Uwanja ukiinama kwa asilimia 3, jeki za kushoto na kulia zilizoachana kwa mita 2 zitatofautiana kwa sentimita 6 tu. Lakini jeki za mbele na za nyuma zilizoachana kwa mita 9 zitatofautiana kwa sentimita 27. Ongeza hapo nafasi iliyopo kati ya unyayo wa jeki na ardhi kabla mguu haujagusa chini. Mguu mfupi hukulazimisha kurudi kwenye mbao ulizotaka kuziacha.

Mfumo wenyewe pia una uzito. Kila pauni ya jeki, mota na vyuma vya kufungia hupunguza mzigo unaoruhusiwa kupakia. Uliza uzito huo kabla ya kununua.

Betri na nyaya

Malalamiko mengi juu ya mfumo unaosimama katikati ya kazi chanzo chake si jeki, bali ni umeme dhaifu. Mota hizi hutumia volti 12 na huvuta ampea nyingi zinapoinua mzigo. Waya mwembamba au kiungo chenye kutu kikipoteza volti 1, mota imepoteza takriban asilimia 8 ya nguvu ya msukumo wa umeme wake. Volti hiyo hiyo ikipotea kwenye umeme wa nyumbani wa volti 120, hasara haifiki hata asilimia 1.

Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha karibu volti 12.1, imebakiwa na nusu tu ya chaji. Muulize fundi unene wa nyaya atakazotumia, mahali fyuzi itakapokaa, na kama betri uliyonayo inatosha. Muulize vilevile jinsi ya kuzungusha jeki kwa mkono au kwa drili umeme ukikatika. Mfumo usio na njia hiyo, au wenye njia isiyofikika mpaka ulale chini ya trela, haukufai.

Ufungaji na dhamana

Jeki hufungwa kwenye chasisi kwa bolti au kwa kuchomelewa. Kuchomelea kusikofaa huweza kudhoofisha chasisi, na kunaweza kuathiri dhamana yake. Pata maelekezo ya maandishi ya mtengenezaji wa trela kabla kazi haijaanza.

Nchini Marekani, sheria ya dhamana ya mwaka 1975 inayojulikana kwa jina la Magnuson-Moss inamlinda mnunuzi wa bidhaa za matumizi ya nyumbani. Kwa jumla, mtoa dhamana hawezi kuifuta dhamana yake eti kwa sababu tu umetumia kipuri cha kampuni nyingine au fundi wa nje. Hata hivyo, anaweza kukataa kulipia uharibifu uliosababishwa na kipuri hicho au na kazi mbovu ya fundi huyo. Kwa hiyo hifadhi risiti, picha za kazi na jina la aliyeifanya. Hakikisha pia kama dhamana ya mfumo inagharimia vipuri pekee au na malipo ya fundi.

Mifumo hii huuzwa pia kwenye maonyesho ya muda. Kwa mauzo ya dola 130 au zaidi yanayofanyika mahali pasipo duka la kudumu la muuzaji, kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara (FTC) kwa kawaida humpa mnunuzi siku tatu za kazi za kuvunja mkataba. Haki hiyo haimhusu aliyenunua dukani kwa muuzaji.

Siku ya kukabidhiwa

Usitie saini mpaka umeuona mfumo ukifanya kazi. Trela liegeshwe mahali palipoinama kidogo, lisawazishwe mara mbili mfululizo, kisha uweke pimamaji sakafuni kwa urefu na kwa upana. Taa ya kisanduku ikisema trela liko sawa na pimamaji ikakataa, kihisi hakijarekebishwa. Jaribu pia kuzungusha jeki moja kwa mkono, wewe mwenyewe.

Ukinunua trela lililotumika, ingiza namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17 kwenye huduma ya bure ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA. Utaona kama kuna kasoro ya usalama ambayo bado haijatengenezwa.

Usalama wa watu

Weka kabari imara kwenye magurudumu, mbele na nyuma, kabla ya kuliachanisha trela na pikapu. Jeki huinua trela, lakini hazilizuii kuteleza. Usiache jeki zinyanyue magurudumu yote kutoka ardhini, na usizitumie kubadilishia tairi isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi. Kamwe mtu asiingie chini ya trela lililoshikiliwa na jeki pekee. Waondoe watoto karibu kabla ya kubonyeza kitufe, na ubaki mahali unapoziona jeki zote zikisogea.

Ukipata tatizo

Andika tarehe, volti ya betri na ujumbe ulioonekana kwenye kisanduku, kisha mwandikie muuzaji na mtengenezaji barua au baruapepe; usitegemee simu peke yake. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwenye idara ya kulinda walaji ya jimbo lako au kwa FTC. Ikiwa kasoro inahatarisha usalama, iarifu NHTSA hata kama muuzaji ameshakutengenezea, kwa kuwa kasoro hiyo inaweza kuwepo katika matrela mengine ambayo wenyewe hawajaigundua.