Kikosi cha 216: Ndege za mtumba zilizojaza mafuta angani

Vita vya Falkland vya 1982 viliikuta Uingereza na upungufu wa ndege kubwa za kubeba askari na za kuzijazia nyingine mafuta angani. Visiwa vyenyewe viko takriban kilometa 13,000 kutoka nyumbani. Baada ya vita serikali iliingia soko la mtumba, ikanunua TriStar 6 za British Airways na 3 za Pan Am.

Kikosi cha 216, ambacho mwaka 1956 kilikuwa kimeanza kusafirisha askari kwa jeti aina ya Comet, kilifufuliwa 1984 ili kuzirusha. Zile 6 ziliongezewa matangi chini ya sakafu, ilipokuwa ikikaa mizigo ya abiria, zikaweza kubeba mafuta zaidi ya tani 100. Ndege ya kivita ilisogea nyuma yake, ikachomeka bomba lake kwenye kikapu kinachoning'inia mwishoni mwa mpira, ikanywa, ikaendelea na safari. Za Pan Am zilibaki za abiria tu. Kaulimbiu ya kikosi, kwa Kilatini, inataja kubeba zawadi. Kwa rubani anayeishiwa mafuta juu ya bahari, huo si mzaha.

TriStar zilistaafu Machi 2014. Zilizochukua kazi yake, Voyager, hazikununuliwa: jeshi linazitumia kwa mkataba wa muda mrefu na kampuni ya AirTanker, uliosainiwa 2008.