Je, Wajua? Kompyuta Nzima Inayoishi Ndani ya Faili

Je, wajua kwamba kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, inaweza kuwa faili tu? Ndivyo ilivyo mashine pepe. Mwenye Mac huiona kama kifurushi kimoja kwenye folda, chenye gigabaiti 40, 60 au zaidi. Akikibofya, dirisha linafunguka na Windows inaamka humo, ikiamini kwamba imewekwa kwenye kompyuta yake yenyewe. Haijui kwamba diski inayoiandikia ni faili, wala kwamba kumbukumbu inayoiona imemegwa kutoka kwa Mac. Kifurushi kikitupwa na pipa la taka likamwagwa, kompyuta imekwisha.

Wanaoihitaji ni wengi. Mhasibu aliyezoea Tally, mchora ramani anayetegemea ArcGIS Pro: programu zao zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na mezani kwao ipo Mac. Wanaweka mashine pepe, inafanya kazi, ila inajikokota. Hapo lawama huenda kwa Windows au kwa Mac, kutegemea mlalamikaji anaipenda ipi. Kwa maoni yangu, mara nyingi kosa liko kwenye mgawanyo: nani kapewa nini, na nani anamtafsiria nani.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko Windows na Mac zote mbili. Katika miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha IBM huko Cambridge, Massachusetts, kilitengeneza mfumo wa CP-40, kisha CP-67, wa kugawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aone kana kwamba anayo yake peke yake. Mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kama bidhaa. Miaka miwili baadaye, Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili jambo hili lifanyike vizuri. Kubwa kati ya hayo ni kwamba mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, akitoa amri inayogusa mamlaka ya mashine yenyewe, amri hiyo inaswe na kukabidhiwa msimamizi, yaani programu inayoigawa mashine. Prosesa za Intel za kompyuta za kawaida hazikuwa hivyo. Uchambuzi wa Pentium uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta amri 17 zinazopenya bila kunaswa. VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na watu wenye mizizi Chuo Kikuu cha Stanford, ilikizunguka kikwazo hicho kwa kuzigeuza amri korofi papo kwa papo, na bidhaa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1999. Intel yenyewe ilitia msaada huo ndani ya chipu mwishoni mwa 2005.

Kwa upande wa Mac, hadithi ina vipindi vitatu, na ukijua Mac yako ni ya kipindi kipi umeshapata nusu ya jibu. Zamani Mac zilitumia chipu za PowerPC, zisizoelewa amri za Intel hata moja. Virtual PC ya kampuni ya Connectix, iliyotoka mwaka 1997, ililazimika kuiga prosesa nzima ya Intel kwa programu, amri baada ya amri. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha, na ilikuwa na mwendo wa kusikitisha. Mwaka 2006 Apple ilihamia Intel, na ghafla Windows ndani ya Mac ikawa inazungumza moja kwa moja na prosesa. Parallels Desktop ilitoka mwaka huohuo, VMware Fusion ikafuata 2007. Kisha Novemba 2020 ikaja M1, chipu ya ukoo wa Arm, na lugha zikatofautiana tena.

Tofauti ya safari hii ni kwamba ipo Windows iliyoandikwa kwa Arm. Kwenye Mac ya M1 na ndugu zake, Windows hiyo hukimbia kwa nguvu za chipu yenyewe. Tatizo ni programu zilizomo. Ile iliyoundwa kwa Intel bado inahitaji mkalimani, naye ni sehemu ya Windows. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 anaitwa Prism. Hugeuza vipande vya programu kadiri vinavyohitajika na kuvihifadhi, ndiyo maana programu inaweza kusuasua inapofunguliwa mara ya kwanza kisha ikachangamka. Kwa kuandika barua hutaona tofauti. Kwa hesabu nzito za saa nzima utaiona. Na mkalimani huyu hagusi viendeshi: kiendeshi cha printa ya zamani, au cha kile kifaa cha USB kinachobeba leseni ya programu, kisipokuwa na toleo la Arm hakitafanya kazi, hata ubembeleze vipi.

Unaweza kukagua mwenyewe. Ndani ya Windows 11 fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya kina ya programu zinazoendeshwa, uongeze safu ya Architecture. Penye ARM64, programu inajitegemea. Penye x64 au x86, inatafsiriwa. Nenda kwa waliotengeneza programu hiyo ukatafute toleo la Arm. Likiwepo, huenda tatizo lako limeishia hapo.

Kuna mtego mbaya zaidi kwa wanaotumia UTM, programu ya bure inayojengwa juu ya QEMU, kazi aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. UTM inauliza kama unataka kupepesha, yaani kuendesha mgeni moja kwa moja juu ya chipu, au kuiga. Aliyepakua Windows ya Intel akachagua kuiga kwenye Mac ya M2 amerudi miaka ya Virtual PC: mfumo mzima unatafsiriwa, kuanzia kuwaka hadi kuzima. Hakuna mpangilio wa kuiponya hiyo. Ifute, uweke Windows ya Arm.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, ambako wema mwingi huponza. Mtu ana Mac ya gigabaiti 8, anaona Windows inasota, anaipa 6. Kesho yake inasota zaidi. Zile 2 zilizobaki haziitoshi Mac, ambayo ndiyo mwenyeji na ndiyo inayoishikilia Windows isianguke. Mac huanza kubana kumbukumbu, kisha kuhamishia data kwenye diski. Windows nayo, isiyojua lolote, ikizidiwa huhamishia zake kwenye diski yake, ambayo ni faili lililo kwenye diski ileile ya Mac. Kazi moja inafanywa mara mbili, na kishale cha kipanya kinaganda katikati ya skrini.

Kipimo cha ukweli kiko kwenye Activity Monitor ya Mac, sehemu ya Memory, kwenye mchoro mdogo wa shinikizo. Kijani ni salama. Ukiwa njano au mwekundu wakati Windows imewashwa, punguza ulichoipa Windows, usiongeze. Kwa Mac ya gigabaiti 8, mpe mgeni 4, ambacho ndicho kiwango cha chini cha Windows 11, na ufunge kivinjari chenye vichupo thelathini upande wa Mac. Kwenye Mac za chipu za M kumbukumbu haiongezwi baada ya kununua. Fundi akikuahidi kuiongeza kwa bei poa, tafuta fundi mwingine.

Prosesa ina kanuni hiyohiyo. M1 ina viini 8, vinne vya nguvu na vinne vya kubana matumizi. Ukivikabidhi vyote kwa Windows, mwenyeji na mgeni wataanza kugombania zamu. Vinne vinatosha kazi nyingi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni huyu ni kile kifurushi cha zana kinachowekwa ndani ya Windows: Parallels Tools, VMware Tools, au zana za UTM. Bila hicho, Windows huchora skrini kwa kiendeshi cha msingi na madirisha huburuzika. Baada ya kusasisha programu ya mashine pepe, hakikisha zana nazo zimesasishwa.

Skrini yenyewe ni mzigo usiosemwa. MacBook Air ya M1 ina nukta 2560 kwa 1600, zaidi ya milioni nne, takribani mara mbili ya skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Punguza ukali wa picha upande wa Windows uone. Air hiyo pia haina feni. Ikipata joto hupunguza kasi ili isijiunguze, kwa hiyo usiiweke juu ya godoro.

Kwa wahasibu, angalieni data inakaa wapi. Kuweka faili za kampuni kwenye folda ya Mac iliyoshirikiwa na Windows kunafariji, lakini kila kipande kidogo kinachosomwa hupita njia ndefu, na programu ya uhasibu husoma vipande vidogo maelfu. Data ikae ndani ya diski ya Windows. Nakala ya akiba ndiyo iende Mac. Zile picha za hali, zinazopigwa ili uweze kurudi nyuma, nazo zikirundikana hulazimisha diski kutafuta jambo moja katika tabaka nyingi. Futa za zamani, kwa kutumia programu ya mashine pepe yenyewe, kamwe usizifute kwa mkono kwenye folda.

Jambo moja zaidi, kwa anayefungua Windows mara moja kwa mwezi. Ikiamka baada ya usingizi mrefu inashusha masasisho, inakagua virusi na kupanga upya faharasa, yote kwa pamoja. Kuihukumu katika dakika kumi za kwanza ni kuionea. Iwashe, uiache imalize, uiwashe upya, ndipo upime. Na upimapo, weka Task Manager na Activity Monitor moja ubavuni mwa nyingine: Windows ikiwa imetulia huku Mac ikihema, adui yuko nje, Windows ikihema yenyewe, adui yuko ndani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Baada ya hayo yote, kuna Mac zisizofaa kwa kazi hii. Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo toleo la mwisho litakaloendeshwa na Mac za Intel, kwa hiyo usitie fedha mpya humo kwa ajili ya Windows. Ikiwa programu yako ni nzito, ni ya Intel pekee, na Mac yako ina gigabaiti 8, laptopu ya Windows iliyotumika itakuhudumia vizuri kuliko mashine pepe yoyote. Kama bado hujanunua Mac, waulize kwanza watengenezaji wa programu yako swali moja: ina toleo la Arm au haina?